Kibodi, Kisanduku cha Mazungumzo na Haki ya Kufanya Kazi kwa Kiswahili: Ufikivu wa Nyuga za Matini katika Programu za Kompyuta, kwa Kurejelea Mji wa Gisenyi, Rubavu

Ikisiri

Makala hii inafafanua ufikivu wa nyuga za matini kwa njia ya kibodi katika visanduku vya mazungumzo vya programu za kompyuta za mezani. Muktadha wake ni Wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, ambako Kiswahili ni lugha rasmi na pia ni lugha ya biashara ya mpakani. Hoja kuu ni kwamba kufasiri programu kwa Kiswahili hakutoshi kuifanya itumike na Waswahili wote. Mtu asiyeona, au asiyeweza kutumia kipanya, huingia katika programu kupitia kibodi pekee, na mlango huo hufunguliwa au hufungwa na mambo madogo ambayo mfasiri na mwandishi wa programu huyafanya bila kuyafikiria. Makala inaonyesha namna uga wa matini unavyopata jina, mfuatano na herufi ya mkato. Inaeleza kwa nini sarufi ya Kiswahili inahitaji kanuni yake ya kuchagua herufi za mkato. Na inapendekeza kanuni hiyo. Aidha, inajadili tatizo la kibodi mbili zinazokutana mpakani, na kutoa mapendekezo kwa watunga sera wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Istilahi muhimu: ufikivu, uga wa matini, kisanduku cha mazungumzo, herufi ya mkato, kisoma-skrini, ujanibishaji

1.0 Utangulizi

Wilaya ya Rubavu ipo katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, kwenye ufuo wa Ziwa Kivu. Ina tarafa 12, na mji wake mkuu, Gisenyi, umepakana na Goma ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kiasi kwamba nyumba za miji hii miwili zinatazamana. Kwa miaka mingi kivuko cha Petite Barrière kimekuwa miongoni mwa vivuko vya mpakani vinavyopitwa na watembea kwa miguu wengi, na sehemu kubwa yao ni wafanyabiashara wadogo. Lugha inayowaunganisha wauzaji na wanunuzi wa pande hizi mbili, pamoja na Kinyarwanda, ni Kiswahili.

Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nne, kikijiunga na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Hatua hizi mbili zimezungumziwa sana katika makongamano ya aina hii, na mjadala umejikita katika ufundishaji, vitabu na uundaji wa istilahi. Eneo moja limebaki pembeni: mahali ambapo lugha rasmi hukutana na raia kila siku, yaani kisanduku kinachojitokeza kwenye skrini ya karani kikidai jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu.

Karani huyo anaweza kuwa mtu asiyeona. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba asilimia 3.4 ya wakazi wa Rwanda wenye umri wa miaka 5 na zaidi wana ulemavu. Miongoni mwao wapo wahitimu wa shule na vyuo waliojifunza kuchapa bila kutazama vitufe. Mtu wa namna hiyo anapoomba kazi ya ukarani, swali linaloamua hatima yake mara nyingi si kama anajua kazi. Ni kama programu ya ofisi hiyo itamruhusu kufika kwenye uga wa tatu bila kipanya. Hili ndilo suala ambalo makala hii inalishughulikia.

2.0 Ufafanuzi wa Dhana

Kisanduku cha mazungumzo ni dirisha dogo linalofunguka ndani ya programu ili kumwomba mtumiaji taarifa au uamuzi kabla ya kazi kuendelea. Uga wa matini ni nafasi ndani ya kisanduku hicho inayopokea maandishi. Fokasi ni hali ya kidhibiti kimoja, kiwe uga au kitufe cha skrini, kuwa ndicho kinachopokea kile kinachochapwa kwa wakati huo. Kwa kawaida kidhibiti kimoja tu huwa na fokasi. Lebo ni maandishi yanayoutambulisha uga, kama vile “Jina la ukoo”. Herufi ya mkato ni herufi moja katika lebo, ambayo kwa kawaida hupigiwa mstari chini, na ambayo ikibonyezwa pamoja na kitufe cha Alt huipeleka fokasi moja kwa moja kwenye uga husika.

Kisoma-skrini ni programu inayogeuza yaliyomo kwenye skrini kuwa sauti au Breli. JAWS ni kisoma-skrini cha kulipia kilichozoeleka tangu miaka ya 1990. NVDA, kilichoanzishwa nchini Australia mwaka 2006, hutolewa bure. Mazingira ya Linux yana Orca, na kompyuta za Apple zina VoiceOver tangu mwaka 2005. Vyote hivi havioni skrini. Hutegemea taarifa ambazo programu inavitangazia kupitia mfumo endeshi: jina la kidhibiti, aina yake, hali yake na thamani iliyomo. Programu isipovitangazia lolote, kisoma-skrini hakina la kusema.

3.0 Msingi wa Kisheria na wa Viwango

Rwanda ilikuwa na sheria ya ulinzi wa watu wenye ulemavu mapema mwaka 2007, na Desemba 2008 ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka huohuo wa 2008, na Tanzania mwaka 2009. Kifungu cha 9 cha Mkataba huo kinazitaka nchi wanachama kuhakikisha ufikivu wa teknolojia na mifumo ya habari na mawasiliano, na aya yake ya 2(h) inasisitiza kwamba ufikivu uzingatiwe katika hatua za mwanzo za usanifu ili gharama iwe ndogo. Kifungu cha 27 kinahusu haki ya kazi. Vifungu hivi viwili vinapaswa kusomwa pamoja, kwa kuwa katika ofisi ya leo haki ya kazi hupitia katika programu.

Kwa upande wa viwango, mwongozo unaojulikana zaidi ni WCAG wa shirika la W3C, ambao toleo lake la 2.0 lilitolewa mwaka 2008, la 2.1 mwaka 2018 na la 2.2 mwaka 2023. Mwongozo huo uliandikwa kwa ajili ya kurasa za wavuti, lakini mwaka 2013 W3C ilitoa maelezo ya namna ya kuutumia kwa programu zisizo za wavuti. Kiwango cha Ulaya EN 301 549 nacho kina sura mahususi kuhusu programu za kompyuta. Katika ukanda wetu, Kenya ilitoa mwaka 2022 kiwango cha ufikivu wa TEHAMA kinachojulikana kama KS 2952. Madai ya msingi ya viwango hivi kuhusu mada yetu yanaweza kufupishwa hivi: kila kinachofanyika kwa kipanya kiwezekane kwa kibodi, mtumiaji asinaswe mahali asipoweza kutoka, mfuatano wa fokasi uwe na mantiki, fokasi ionekane, na kila uga uwe na jina ambalo programu saidizi zinaweza kulisoma.

Ikumbukwe kwamba matumizi ya kibodi katika visanduku si ombi la hisani lililobuniwa baadaye. Mwaka 1987 kampuni ya IBM ilichapisha kanuni za pamoja za violesura ambazo ziliweka misingi ya matumizi ya kibodi katika madirisha na visanduku vya programu. Karani mwenye kasi, awe anaona au haoni, hadi leo hapendi kuondoa mikono kwenye kibodi.

4.0 Namna Uga wa Matini Unavyofikiwa au Unavyofungwa

Ili mjadala usibaki hewani, tuchukue kisanduku cha kubuni kiitwacho “Sajili Mfanyabiashara”. Kina nyuga saba: Jina la kwanza, Jina la ukoo, Namba ya kitambulisho, Namba ya simu, Aina ya bidhaa, Thamani ya bidhaa na Maelezo. Chini yake pana vitufe viwili, Hifadhi na Ghairi.

4.1 Jina la uga

Mtu anayeona huunganisha lebo na uga kwa ukaribu wa macho. Kisoma-skrini hakiwezi. Katika visanduku vya Windows vilivyojengwa kwa vidhibiti vya kawaida, jina la uga huchukuliwa kutoka kwa maandishi tuli yanayoutangulia katika mfuatano wa vidhibiti, hata kama kwenye skrini maandishi mengine yapo karibu zaidi. Msanii wa kisanduku akiongeza uga mpya mwishoni kisha akauburuta juu kwa kipanya, macho yataridhika, ilhali mfuatano wa ndani utabaki umevurugika: karani asiyeona atasikia “Maelezo” akiwa kwenye uga wa namba ya simu. Katika zana za GTK, Qt na Java, lebo hufungwa na uga wake kwa amri ya wazi. Amri hiyo ni ya mstari mmoja tu. Ikisahaulika, kisoma-skrini huweza kutamka “uga wa kuhariri, tupu” mara saba mfululizo, na mtumiaji hubaki akikisia.

Maandishi ya kidokezo yanayowekwa ndani ya uga kwa rangi hafifu si mbadala wa lebo. Hutoweka mara mtu anapoanza kuchapa, na programu nyingine hazivitangazii visoma-skrini.

4.2 Mfuatano wa fokasi

Kitufe cha Tab huisogeza fokasi mbele, na Shift pamoja na Tab huirudisha nyuma. Mfuatano unaofaa ni ule wa fomu ya karatasi ambayo karani anaijua. Kisanduku kinapofunguka, fokasi iwe kwenye uga wa kwanza. Kinapofungwa, irudi pale ilipotoka.

Namba ya kitambulisho cha taifa cha Rwanda inafaa kuwa mfano. Ina tarakimu 16, na huandikwa kwa makundi: moja, nne, moja, saba, moja, mbili. Mwandishi wa programu anayetaka kuiga sura ya kadi anaweza kuugawa uga huo kuwa visanduku sita vidogo vinavyorukiana vyenyewe kila kimoja kinapojaa. Kwa macho inapendeza. Kwa kibodi, uga mmoja umekuwa vituo sita visivyo na majina. Fokasi inahama bila mtumiaji kuamuru. Na anayetaka kusahihisha tarakimu ya tano hajui arudi nyuma mara ngapi. Uga mmoja unaopokea tarakimu pamoja na nafasi, kisha programu yenyewe ikaziondoa nafasi hizo, hutimiza kazi ileile bila kumsumbua mtu.

4.3 Mtego wa kibodi

Uga wa “Maelezo” una mistari mingi, na hapa ndipo mtego hutokea. Katika visanduku vya kawaida vya Windows, Tab hutoka kwenye uga wa namna hii na Ctrl pamoja na Tab huingiza nafasi ya kichupo. Katika GTK mambo hugeuka: kwa kawaida Tab huingiza nafasi ndani ya maandishi, na Ctrl pamoja na Tab ndiyo njia ya kutoka. Mtumiaji asiyejua hili hubonyeza Tab mara nyingi, hajui kwa nini hasogei, na kumbe anajaza nafasi tupu ndani ya kumbukumbu rasmi. Kwa uga wa maelezo mafupi, ambao hauhitaji vichupo, msanifu anapaswa kuiacha Tab itoke.

Mtego wa pili hutokana na ukaguzi wa makosa. Zipo programu zinazokataa kumwachia mtumiaji uga mpaka aujaze sawasawa. Karani akikuta mteja hana namba ya simu, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Ukaguzi ufanywe wakati wa kuhifadhi. Kosa lielezwe kwa maneno yanayoutaja uga husika. Kisha fokasi ipelekwe kwenye uga huo. Kuuzungushia uga mstari mwekundu bila maneno ni kuzungumza na wanaoona rangi peke yao.

4.4 Uga uliozimwa

Programu nyingi huonyesha jumla ya malipo katika uga uliozimwa ili mtu asiubadilishe. Tatizo ni kwamba uga uliozimwa haupokei fokasi, kwa hiyo Tab huuruka. Karani asiyeona hupokea fedha bila kuisikia jumla. Suluhisho ni uga wa kusomwa tu: hauhaririki, lakini hufikika, na maandishi yake huweza kunakiliwa. Tofauti baina ya hali hizi mbili ni mpangilio mmoja katika programu. Kwa mtumiaji ni tofauti baina ya kuaminiwa na fedha na kutoaminiwa.

5.0 Sarufi ya Kiswahili na Herufi za Mkato

Hadi hapa yaliyosemwa yanahusu lugha yoyote. Sehemu hii inahusu Kiswahili mahususi, na ndipo wanaisimu wana la kuchangia ambalo wahandisi peke yao hawawezi.

Katika mafaili ya ufasiri wa programu, herufi ya mkato huonyeshwa kwa alama inayotangulia herufi hiyo: alama ya & katika Windows na Qt, mstari wa chini katika GTK, na alama ya wimbi katika OpenOffice. Mfasiri anapoandika upya neno bila alama, herufi ya mkato hufa kimyakimya. Programu haitoi onyo, na anayetumia kipanya hataona upungufu wowote. Suala hili si geni kwetu. Mwaka 2004, mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Mjanibishaji wa programu ya namna hiyo, pamoja na kutafuta istilahi, hana budi kuamua alama ikae kwenye herufi ipi katika maelfu ya vifungu vya maneno.

Uamuzi huo ni mgumu kwa Kiswahili kwa sababu tatu. Kwanza, amri za msingi za kompyuta zinagongana: Faili, Fungua, Funga na Futa zote huanza na F, na Fungua na Funga hutofautiana tu baada ya herufi nne. Pili, viambishi vya ngeli hufanya nomino nyingi zianze kwa herufi zilezile, hasa m, k, v na u. Tatu, na hili ndilo zito zaidi kwa nyuga za matini, katika Kiswahili nomino kuu hutangulia na kivumishi hufuata. Kiingereza huweka neno la kutofautisha mwanzoni, hivyo nyuga za jina la kwanza na jina la ukoo huanza kwa herufi mbili tofauti bila jitihada. Kwetu zote ni “Jina la…”, na zile mbili zinazofuata zote ni “Namba ya…”.

Tukitumia herufi ya kwanza ya kila lebo katika kisanduku chetu cha mfano, tunapata J, J, N, N, A, T, M: nyuga saba, herufi tano. Herufi inapojirudia katika kisanduku cha Windows, kuibonyeza huizungusha fokasi baina ya nyuga zinazoishiriki, kwa hiyo mtumiaji hawezi kuwa na hakika amefika wapi mpaka asikilize. Faida ya mkato hupotea.

Makala hii inapendekeza kanuni yenye hatua tatu:

(a) Chagua herufi ya kwanza ya neno linaloutofautisha uga na jirani zake, wala si ya neno wanaloshiriki.
(b) Herufi hiyo ikiwa imekwisha kutumika, ondoa kiambishi cha ngeli na uchukue herufi ya kwanza ya sehemu inayobaki.
(c) Ikiwa nayo imetumika, au neno halina kiambishi cha kuondoa, chukua sauti inayofuata ambayo bado iko huru, ukizihesabu th, dh, sh, ch, gh na ny kuwa sauti moja moja.

Tuijaribu. Katika “Jina la kwanza” neno la kutofautisha ni kwanza: K. Katika “Jina la ukoo”: U. Katika “Namba ya kitambulisho” herufi K imetumika. Tukiondoa ki- tunabaki na tambulisho: T. “Namba ya simu” inapata S. “Aina ya bidhaa” na “Thamani ya bidhaa” zinashiriki neno la mwisho, hivyo hapa neno la kutofautisha ni la kwanza: Aina inapata A. Thamani ingepata T, lakini imetumika na neno halina kiambishi cha kuondoa. Th ni sauti moja, a imetumika, inayofuata ni M. “Maelezo” ingepata M, nayo imetumika. Tukiondoa ma- tunapata E. Matokeo ni K, U, T, S, A, M, E: nyuga saba, herufi saba, bila mgongano. Vitufe vya Hifadhi na Ghairi havihitaji herufi, kwa kuwa Enter na Esc vinavitosha.

Mpangilio wa maneno una athari nyingine kwa msikilizaji. Watumiaji wazoefu wa visoma-skrini huendesha sauti kwa kasi kubwa na huondoka kwenye uga mara wanapoutambua. Lebo inayoanza kwa “Jina la” humlazimisha asubiri. Hatupendekezi sarufi ipinduliwe. Kinachowezekana ni kuepuka maneno yasiyo ya lazima mbele ya neno la kutofautisha. Lebo kama “Tafadhali ingiza namba yako ya simu” ichujwe iwe “Namba ya simu”, na adabu iwekwe katika maelezo ya juu ya kisanduku, ambako husomwa mara moja.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni matamshi. Kisanduku cha Kiswahili kikisomwa na sauti ya Kiingereza au Kifaransa, lebo huwa vigumu kutambulika. Kinena-matini cha eSpeak NG, kinachokuja pamoja na NVDA, kina sauti ya Kiswahili. Kwa hiyo kikwazo hapa si ukosefu wa zana. Ni kwamba ofisi na vituo vya mafunzo havijazoea kuichagua sauti hiyo.

6.0 Kibodi Mbili za Mpakani

Gisenyi ina hali ambayo miongozo ya kimataifa haiigusi kwa kina. Upande wa Kongo, nchi inayotumia Kifaransa, kibodi ya AZERTY imezoeleka. Rwanda nayo ilikuwa na mapokeo ya Kifaransa kabla ya kuhamia Kiingereza kama lugha ya kufundishia kuanzia mwaka 2008, na QWERTY imeenea. Mtu mmoja anaweza kujifunzia kwenye kibodi moja na kuajiriwa kwenye nyingine.

Kwa anayeona, hili ni kero ya siku chache. Kwa anayechapa kwa kumbukumbu ya vidole, ni tatizo la msingi, na Kiswahili kinaliongezea uzito. Tofauti kubwa za kibodi hizi ziko kwenye A na Q, Z na W, pamoja na mahali pa M. Herufi a na m ni miongoni mwa zile zinazotumika sana katika Kiswahili. Mtu aliyezoea QWERTY akichapa neno mama kwenye AZERTY hupata “,q,q”; aliyezoea AZERTY akilichapa kwenye QWERTY hupata “;q;q”. Aidha, katika AZERTY ya kawaida tarakimu za safu ya juu huhitaji Shift. Kwa mtu anayechapa kwa mkono mmoja, namba ya kitambulisho yenye tarakimu 16 inamdai kushikilia kitufe kimoja na kubonyeza kingine mara 16, isipokuwa kama kuna safu ya pembeni ya tarakimu au kama amewasha huduma inayoruhusu vitufe kubonyezwa kimoja baada ya kingine.

Hali huwa mbaya zaidi katika uga wa nywila. Herufi zimefichwa, na kisoma-skrini hutamka neno lilelile kwa kila herufi. Mtumiaji hana njia ya kujua kwamba kibodi imebadilika, na baada ya majaribio machache akaunti hufungwa. Kitufe cha kuonyesha nywila kinachofikika kwa Tab, pamoja na tangazo la mpangilio wa kibodi unaotumika, vingeliondoa tatizo hili kwa gharama ndogo.

7.0 Hoja Pinzani

Hoja mbili husikika mara kwa mara. Ya kwanza ni kwamba programu za mezani zinapitwa na wakati na kila kitu kinahamia kwenye wavuti na simu. Ni kweli kwamba huduma nyingi za serikali ya Rwanda sasa hupatikana kupitia jukwaa la Irembo. Hata hivyo, programu za uhasibu, za kuandikia na za kuhifadhia kumbukumbu bado zimo katika kompyuta za ofisi. Isitoshe, jina, mfuatano, fokasi na ujumbe wa kosa ni mambo yaleyale katika fomu ya wavuti. Atakayeyapuuza huku atayapuuza kule.

Hoja ya pili ni gharama. Hoja hii ina ukweli kwa programu iliyokwisha kujengwa na kusambazwa, maana kuirekebisha huhitaji muda na watu. Kwa programu inayojengwa sasa, mengi ya yaliyojadiliwa katika sehemu ya 4 ni mipangilio ya mstari mmoja. Gharama huongezeka kadiri uamuzi unavyocheleweshwa, na ndiyo sababu ya aya ya 2(h) iliyotajwa hapo juu.

8.0 Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu, yafuatayo yanapendekezwa.

Kwanza, nyaraka za zabuni za programu za taasisi za umma ziwe na sharti la kibodi, na sharti hilo lipimwe kabla ya malipo ya mwisho. Kipimo rahisi kipo. Chomoa kipanya, fungua kila kisanduku, jaza kila uga, fanya kosa kwa makusudi na ulisahihishe, hifadhi, ghairi. Kisha washa NVDA, zima skrini, na urudie. Afisa asiye mtaalamu anaweza kuufanya mtihani huu, na matokeo yake hayana utata.

Pili, mtihani huo ufanywe pamoja na watumiaji wenye ulemavu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Chama kama Umoja wa Wasioona wa Rwanda ni mshirika wa asili katika jambo hili.

Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoko Zanzibar, ishirikiane na BAKITA na vyombo vya viwango vya nchi wanachama kuandaa orodha moja ya herufi za mkato kwa amri za kawaida za Kiswahili. Karani aliyejifunza Dar es Salaam asilazimike kujifunza upya Gisenyi. Kanuni iliyopendekezwa katika sehemu ya 5 inaweza kuwa mahali pa kuanzia.

Nne, mafunzo ya ufasiri na ujanibishaji katika vyuo vikuu vyetu yajumuishe alama za herufi za mkato na utambulisho wa nyuga. Mfasiri anayefuta alama bila kujua anafunga mlango ambao mwandishi wa programu aliuacha wazi.

Tano, ofisi za maeneo ya mpakani ziwe na utaratibu wa kumruhusu kila mtumishi kuhifadhi mpangilio wake wa kibodi na sauti yake ya kisoma-skrini katika akaunti yake.

9.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba ufikivu wa uga wa matini kwa kibodi ni suala la uhandisi, la sheria na la isimu kwa pamoja. Uhandisi huunganisha lebo na uga. Sheria huitaka taasisi kuununua uhandisi huo. Isimu huamua kama herufi iliyochaguliwa inalingana na muundo wa lugha. Upande wa isimu ndio ulioachwa nyuma katika Kiswahili, kwa kuwa herufi za mkato zimechukuliwa kuwa jambo dogo la kiufundi. Mfano wa nyuga saba unaonyesha kwamba muundo wa ngeli na mpangilio wa maneno, ambavyo tumezoea kuvifundisha darasani, vina uwezo wa kumrahisishia au kumzuilia mtu kazi. Kiswahili kimekwisha kupewa hadhi ya lugha rasmi nchini Rwanda na katika Jumuiya. Hadhi hiyo itakuwa imemfikia kila raia pale ambapo karani asiyeona wa Rubavu ataweza kufungua kisanduku cha Kiswahili, kukijaza, kukihifadhi, na kumwita mteja anayefuata.